Video ya Mama Haikufika Mbali

Nimechoka na hizi video, nasema kweli. Wala sikuanza kwa kutafuta umaarufu. Magoti ya mama yalikuwa yamekwisha, na shamba lake la ngazi, lililochongwa matuta kwa matuta mlimani huko juu Uluguru, lilihitaji mtu wa kulishika. Kwetu shamba la ukoo halipewi mtu bila neno la mjomba, na mjomba alishaombwa, akajibu tutaona. Ndipo mama akaniambia nimpige video akichonga ngazi, niirushe mtandaoni. Watu wengi wakiiona, kaka yake ataona haya.

Nikapanda kutoka Kilakala, nikampiga. Akaanza na salamu: wazee shikamooni, vijana hamjambo, habari za mvua, habari za wagonjwa. Kisha akalima taratibu, akiegemea jembe kila anapoinuka. Mwisho kabisa ndipo akasema miguu imegoma, nani kati ya wana wa ukoo atakuja kulipokea jembe. Nilimsihi ombi litangulie, maana watu wa mtandaoni hawana subira. Akakataa katakata. Mtu haombi kabla hajasalimia, wala kabla hajaonyesha kazi yake.

Mtandao nao una tabia zake. Ukirusha video, kwanza huwaonjesha watu wachache. Wakikaa wakatazama, huipeleka kwa wengine. Wakikimbia, basi, imezikwa.

Mjomba, kwa kutaka kusaidia, akaliandikia kundi zima la ukoo kwenye simu: "Ifungueni, mpeni dada laiki, mtoke mpishe wengine." Ndivyo tunavyofanya msibani. Unaingia, unatoa pole, unanyanyuka ili mwingine apate pa kukaa. Lo, ukoo mzima ukatii. Mama wadogo wa Mikese, binamu wa mjini, wote waliingia na kutoka kabla mama hajamaliza kuulizia wagonjwa. Mtandao ukaona watu wanaikimbia, ukaitupa. Badala yake kila nikifungua simu naletewa jamaa anayegombana na bata, na mimi na hasira zangu nikamtazama mpaka mwisho.

Nikampigia mjomba, nikamwomba aitazame yote, kuna neno la kumhusu humo. Akacheka, akasema laiki alishatoa, sasa mpwa wake anataka nini tena. Nikarudia. Akasema sawa, sawa, vile anavyomwambia kila mtu.

Nilipopanda tena kumwona mama, hakungoja hata niweke mkoba chini.

"Kaka yangu ameiona?"

Laiki ya mjomba ilikuwa pale kwenye simu. Nikamwambia ameifungua.

"Na wenzake?"

"Wote, mama."

Akayasugua magoti, akatazama kule shambani.

"Basi wamenisikia," akasema. "Wamekataa."

Nilitaka kumwambia hawajakataa, ila hakuna hata mmoja aliyekaa naye mpaka pale alipoomba. Sikujua lipi lingemuuma zaidi.