Doa jeusi chini ya kisigino: nilidhani ni rangi ya tairi

Sopa wakuu. Hii story nimekaa nayo miaka. Sitaongeza chumvi, ilivyo inatosha.

Mwanzoni mwa 2000s nilikuwa fundi wa akala, vile viatu vya tairi, hapa Kitengela. Kazi ni tairi kuukuu, kisu na misumari, na unarudi nyumbani mweusi mikono na miguu. Kwa hivyo nilipoona doa jeusi chini ya kisigino cha kulia, nikajua ni tairi.

Nikasugua na mafuta ya taa. Wapi. Nikasugua na jiwe. Bado liko.

Miezi ikapita, doa likakua, kingo zimeenda ovyo, hapa jeusi tititi, pale kahawia. Halikuwa linauma. Nilipoenda kwetu Kajiado, mama akaliangalia.

"Hiyo ni mwiba imevunjikia ndani. Hata baba yako alikuwa nayo."

Akaleta sindano, tukachimba. Hakuna mwiba, damu tu. (Msinicheke. Sisi watu wa mbuzi, kitu yoyote chini ya mguu ni mwiba.)

Siku moja akaja customer, nesi, anataka akala za mzee wake. Mzee hakuwepo, lakini akasema mguu wake ni saizi yangu. Nikavua kiatu, nikakanyaga tairi nijichore na chaki. Nilipoinua mguu, akanishika.

"Hebu geuza. Hii iko hapa tangu lini?"

"Ni rangi ya tairi tu, sister."

"Rangi haikui. Kesho uende hospitali, na usikubali kupewa mafuta ya kupaka. Waambie wakate kipande wapime."

Wakuu, niliogopa. Nikaenda, wakakata kipande, wakasema huenda ni cancer ya ngozi. Kungoja results ilikuwa wiki mbili za kukosa hamu ya chakula. Nakata akala huku nawaza watoto wangu watatu, wa mwisho hata hajatembea. Kila niliyemwambia cancer ya ngozi alicheka, eti hiyo ni ya wazungu. Mimi pia nilitamani kucheka.

Ilikuwa melanoma, cancer ya ngozi iliyo kali. Daktari akasema sisi weusi mara nyingi hutupata chini ya mguu, kwa kiganja ama chini ya kucha. Walikata doa na nyama ya kisigino, wakaziba na ngozi ya paja, wakapima na tezi za kinena. Nikangoja tena.

Tezi zilikuwa safi. Nililia pale corridor na sioni aibu.

Nikaenda kumweleza mama. Alisikiza yote akiangalia bandeji.

"Na baba yako?"

Baba alichechemea na ule "mwiba" miaka ya tisini, mpaka kinena kikavimba, akatuacha. Hakuna aliyepima, kwa hivyo sitawahi kujua. Ninachojua ni kwamba jioni baada ya jioni, aliyekuwa anashika sindano ni mimi.

Geuzeni nyayo zenu leo, na za wazee wenu. Doa likikua, hata kama haliumi, lipimwe.

Na kama kuna mtu kwenu ana mwiba umekataa kutoka, weka hapa chini umekaa muda gani. Mimi nitasoma kila comment.