Daftari la Wiki Moja Filadelfia

Mtu aliyenikosesha safari ya Amerika nilicheza naye kombolela katika uchochoro mmoja. Nyumba yao na yetu zilipakana uani, pale Kariakoo, mitaa mitatu kutoka sokoni, na mama zetu walikuwa wakipeana makaa ya moto juu ya ua wa makuti. Tulianza shule siku moja, tukaenda chuo cha ualimu pamoja, tukarudi kufundisha shule moja ya wasichana katikati ya mji. Nayasema haya mapema ili ifahamike kwamba sikuumizwa na mtu baki.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Chama kimoja cha akina mama wa Amerika kilimwandikia mwalimu wetu mkuu, bibi wa Kiingereza, kikimwalika mwalimu mmoja wa kike, Mwafrika, aende kwao wiki sita kujifunza kufundisha watoto wadogo. Mafunzo yakiisha, mgeni angepewa wiki nzima ya kutembea katika mji wa Filadelfia, mji wao wa kale, mahali wazee wao walipotangaza kwamba hawatatawaliwa tena na Mwingereza. Mgeni alitakiwa achague mwenyewe anataka kuona nini, aandike mpango wa siku kwa siku, halafu asafiri nao.

Mwalimu mkuu alinichagua mimi. "Wewe unasoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia karanga," aliniambia. Mwenzangu akawekwa wa akiba, pengine nikiugua.

Bahasha kutoka Amerika ilikuwa nzito. Ndani mlikuwa na ramani ya mji na vijitabu vya picha. Kila siku baada ya swala ya alasiri niliitandaza ramani juu ya mkeka uani, pembe moja nikiibana kwa mbuzi ya kukunia nazi, nyingine kwa kinu, na mwenzangu akaja tukaiinamia pamoja. Nilinunua daftari jipya la jalada gumu. Ukurasa wa kwanza nikaandika Siku ya Kwanza, nikapiga mstari kwa rula.

Sijapata tena kufurahia kazi kama ile. Nilipima mji wa watu kwa mji wangu. Kutoka jumba lao la uhuru mpaka mtoni, nilihesabu, ni kama kutoka sokoni kwetu mpaka Mnazi Mmoja. Basi siku hiyo nitakwenda kwa miguu. Kuna uchochoro mwembamba wa nyumba za matofali mekundu, watu wanaishi humo tangu enzi za wafalme wa Kiingereza. Huo niliupa asubuhi nzima, maana mtu wa uswahilini haoni uchochoro kwa kupita tu, lazima akae. Kuna mnara wa ofisi za mji wenye sanamu ya mtu kileleni. Kuna kengele maarufu, waliyoipa jina la uhuru, na kijitabu kilieleza kwamba ilipata ufa zamani sana, ikanyamaza. Sasa imewekwa itazamwe tu. Ukurasa huo niliusoma mara nyingi, peke yangu. Siku ya Saba niliweka soko lao, nione wanapangaje nyanya.

Ijumaa niliiacha wazi. Nilitaka kupumzika, niswali, niandike barua nyumbani.

"Na maduka je?" mwenzangu aliuliza. "Mbona hujaweka maduka?"

"Maduka hata Uhindini yapo."

Alicheka. Nami nikacheka. Sikuona kitu.

Kilichobaki ni barua ya ridhaa ya baba. Baba yangu alikuwa fundi katika karakana za reli Gerezani, mtu wa maneno machache, na alikwisha kubali. Alikuwa ameniuliza jambo moja tu, kama huko kuna baridi. Angetia sahihi Jumatatu. Jumapili asubuhi aliniita ukumbini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Barua ile sitaitia sahihi."

"Kwa nini, baba?"

"Usiniulize." Alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe.

Shangazi yangu, dada yake mkubwa, tuliyekuwa tukiishi naye tangu mama afariki, alimwomba. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe mpaka barazani kwetu, akaketi juu ya kigoda na kofia yake kichwani, akaomba. Baba aliwasikiliza wote kwa adabu, akakataa. Mwenzangu alikuja kunililia. Alilia kunishinda. Kanga yake ililowa mpaka ikabidi mimi mwenye msiba nimbembeleze.

Wiki ya pili nafasi akapewa yeye. Na siku ya tatu baada ya hapo akaja nyumbani, akaketi mahali pake pale pale kwenye mkeka, akasema, "Shoga, lile daftari wewe hulihitaji tena. Nipe mie."

Nilimjibu aje kesho. Alipotoka tu, shangazi aliinuka jikoni, mwiko mkononi, uso umemvimba kwa hasira.

"Usimpe kitu yule," alisema. "Yeye ndiye aliyekuja kwa baba yako. Ijumaa ya kabla ya kukukatalia, baba yako katoka msikitini, wewe ungali shuleni. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimesikia neno kwa neno. Kasema una mwanamume huko, karani aliyekwenda kusoma. Kasema wiki ile ya kutembea mmeipanga mkutane. Kasema, tazama daftari lake, Ijumaa kaiacha wazi, ya nini?"

Nikauliza tu kwa nini hakuniambia mapema.

"Nilidhani kweli, mwanangu. Nikasema nifunike aibu. Lakini uso huu wa kuja kuomba na daftari, huu umenishinda. Mtu anayeamini daftari lile ni la kukutana na mwanamume haliombi."

Nilitaka kwenda kwa baba papo hapo. Shangazi alinishika kifundo cha mkono. "Ukimwendea leo, atasema unajitetea. Ngoja."

Wengine wakiambiwa wangoje, hupoa. Mimi nilizidi kuwaka.

Jioni ile nilikwenda dukani, nikanunua daftari la pili, jalada kama la kwanza. Nikaanza kunakili. Hati yangu nilikuwa nikisifiwa tangu darasani, na siku ile niliandika vizuri kupita siku zote. Siku ya Kwanza niliinakili ilivyo. Ya Pili ilivyo, ila nyumba za matofali ya uchochoroni nikaziwekea milango ya nakshi na misumari ya shaba, kama ya Unguja. Nikafika Siku ya Tatu. Nikaandika: "Saa tatu asubuhi Kengele ya Uhuru hupigwa mara saba. Watu huvua kofia. Wengine hulia. Simama karibu."

Wanawake wa mtaa wetu mtu akiudhiwa na mwenzake, hununua kanga yenye fumbo akapita nayo mlangoni pake. Mimi fumbo langu nililiandika kwa wino, nikamkabidhi mkononi, akanishukuru.

Mtu atasema nilijiingiza katika hatari kubwa, na kweli. Angekwenda kuiona kengele, angeona ufa, angeuliza, angerudi Kariakoo na daftari langu kuniumbua, tena kwa haki. Niliipima hatari hiyo. Mtego ule haukuweza kumnasa mtu aliyekwenda kutazama, ila mtu wa kujisingizia. Nami nilimjua tangu utotoni: kwenye kombolela alikuwa akisema amehesabu mpaka hamsini, na hakuwahi kufika ishirini.

Akapanda ndege. Nikabaki nikifundisha darasa langu na lake. Miezi miwili nilikwenda kila siku kwenye karakana za Gerezani kumpelekea baba chakula chake cha mchana, tukasalimiana kwa heshima, na sikumwambia neno. Nilikuwa nikijisomea vijitabu vya Filadelfia upya, kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Ile hasira niliitunza. Niliilisha. Asubuhi nikiamka kwanza naikagua kama ipo.

Alirudi na masanduku matatu. Viatu vya visigino, magauni, pochi, chupa za manukato, saa ya mkononi. Mtaa mzima ulikwenda kumpokea, nami nikaenda, nikapewa kitambaa cha mkononi chenye maua.

Mwalimu mkuu aliandaa mkutano Jumamosi alasiri katika ukumbi karibu na Mnazi Mmoja, msafiri atueleze aliyoyaona. Ilikwisha semwa shuleni kwamba akizungumza vizuri atakabidhiwa madarasa yote ya watoto wadogo ayasimamie. Watu walijaa: walimu, wazazi, wanawake wa chama cha kushona, wazee wenye kanzu safi. Nilimwomba baba aje. Alikuja na koti lake la sikukuu, akaketi safu ya pili. Mimi nilikaa safu ya tatu, nyuma yake.

Mwenzangu alizungumza vizuri, sitamnyima haki hiyo. Ya mafunzo aliyaeleza kwa ufasaha, nikaanza kuogopa. Kisha akasema, "Sasa niwatembeze Filadelfia," na sentensi ya kwanza iliyofuata ilikuwa yangu. Yangu, na nukta yake. Akatupitisha mtoni. Akatuingiza uchochoroni, akatuonyesha milango ya nakshi na misumari ya shaba. Wazee wakatikisa vichwa kwa kustaajabu.

"Siku ya tatu," alisema, "nilisimama karibu na Kengele ya Uhuru. Saa tatu kamili ikapigwa mara saba. Watu walivua kofia. Wengine walilia. Na mimi, ndugu zangu, nililia."

Wakampigia makofi. Mzee mmoja alisema, "Allahu Akbar." Niliona mwalimu mkuu, pembeni ya jukwaa, amekunja uso.

Nikasimama.

"Mwalimu mwenzangu, pole na safari. Naomba kuuliza. Sauti yake ikoje?"

"Nzito," akasema, anatabasamu. "Nzito na tamu."

"Umesimama karibu nayo?"

"Karibu kabisa. Ningenyoosha mkono ningeigusa."

"Basi tuambie ule ufa uliopo mbele yake ni wa urefu gani."

Tabasamu lilibaki, macho yakaondoka. "Ufa?"

Nilikuwa nimekuja na kijitabu ndani ya mkoba. Nilikifungua kwenye picha, nikampa baba aliyekuwa mbele yangu, nikamwambia apitishe. "Kengele ile ilipasuka kabla babu zetu hawajazaliwa," nilisema. "Haipigwi. Filadelfia nzima hakuna mtu aliye hai aliyepata kuisikia ikilia. Ila wewe."

Kicheko kilianza kwa wanawake wa chama cha kushona, kikaenda mpaka mlangoni. Mwalimu mkuu aliinuka, akasema kwa upole ule wa Kiingereza unaokata kama wembe, "Mimi pia nimefika pale. Ni kweli, imepasuka." Mwenzangu aliangalia karatasi zake, akaniangalia mimi. Hapo akajua. Niliona anavyojua, na niliyaangalia macho yake mpaka akayashusha. Hakuweza kusema "umeniandikia uongo," kwa maana angekiri kwamba hakwenda.

Baba alikishika kijitabu muda mrefu kabla ya kukipitisha. Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika barazani alisimama.

"Mtu huyu," aliniuliza, "ndiye niliyemwamini Ijumaa ile?"

"Ndiye, baba."

Aliingia ndani. Hakuniomba radhi, wazee wa wakati ule hawakumwomba mtoto radhi, lakini kesho yake alimwambia shangazi, nikisikia, kwamba kama Waamerika wataandika tena atasaini bila kusoma. Hawakuandika tena.

Kazi ya usimamizi mwenzangu hakuipata. Sokoni wauza vitunguu walimwita Kengele. Watoto wakimwona walisema "ngo, ngo, ngo" mara saba.

Alikuja mara moja tu, mchana, akasimama uani bila kuketi.

"Umefurahi?"

"Sana."

"Siku ya kwanza niliingia mkahawa pale Filadelfia," alisema. "Nimevaa gauni langu zuri. Nilikaa saa nzima, hakuna aliyekuja kunihudumia, halafu mwanamume mmoja akaja kuniambia nitoke, weusi hawahudumiwi pale. Nikaogopa kwenda peke yangu popote. Nikawa nafuatana na wenyeji wangu madukani tu. Hayo ningeyasema vipi mbele ya watu?"

Nilimsadiki. Mpaka leo namsadiki, na nikifikiri yule mwanamume aliyemtoa, damu hunichemka. Lakini sikuwa nimemwandikia daftari yeye yule wa mkahawani. Nilimwandikia yule aliyekaa na baba yangu Ijumaa.

"Ningekuwa mimi ningekwenda," nilimwambia.

"Hujui."

"Sijui. Wewe ndiye uliyehakikisha sitajua."

Alingoja niseme zaidi, nami nikangoja aseme neno moja, nisamehe, ambalo labda lingenishinda. Hakulisema. Akatoka.

Mwisho wa mwaka aliomba uhamisho kwenda Tabora. Nilikwenda stesheni siku anayosafiri, na sikwenda kumuaga. Nilikoga, nikajifukiza udi, nikavaa buibui jipya, nikasimama mahali ambapo dirisha lake lingepita lazima. Aliniona. Treni ilipoanza kuvuta aliinua mkono, sijui kwa kuaga au kwa kujikinga jua. Mikono yangu mimi ilikuwa ndani ya buibui. Niliiacha humo mpaka behewa la mwisho likapita, nikarudi sokoni kununua samaki.