Ndama Aliyerudi kwa Treni

Binamu yangu Akankwasa alipanda treni ya umeme kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam likizo ya mwezi wa sita, na tangu arudi hapa Nyakatuntu hatupumui. Mara viti, mara mwendo, mara bahari. Babu Muhangi humsikiliza mpaka mwisho, kisha husema kwa upole kwamba naye alishafika Dar kwa treni, zamani, ila bahari hakuiona. Watu hucheka. Mimi nikajiuliza, mtu anafikaje Dar asione bahari? Jioni moja tukikamua nikamwuliza, naye akanisimulia mpaka povu la maziwa likatulia ndooni.

Enzi hizo alikuwa kijana asiye na mke, akisindikiza pamoja na wenzake ng'ombe wa mfanyabiashara mmoja, mzee Projestus. Waliwashusha hadi ziwani, wakavuka kwa meli mpaka Mwanza, na huko wakawapakia kwenye mabehewa ya kwenda mnadani Pugu, pembeni mwa Dar. Projestus alitangulia kwa treni ya abiria. Babu alipanda na ng'ombe. Kazi yake ilikuwa moja: ng'ombe asilale, maana akilala wenzake watamkanyaga afe. Basi alisimama katikati ya zile pembe ndefu, akiwaita kwa majina, akiwaghania majigambo ya kwetu ili wasiogope mtikisiko. Anasema hata leo akinusa samadi mbichi, husikia magurudumu, na hutamani safari ile irudi, na uchovu wake wote.

Kati yao alikuwamo bihogo mmoja, yaani ng'ombe mwekundu wa kukolea, aliyeuzwa kwa sababu ni tasa. Walipoipita Tabora akalala. Babu akamvuta mkia, akambembeleza, akamtukana. Ndipo akaona kwato mbili ndogo zinatoka. Akawasukuma wengine kwa mgongo na fimbo, na yule tasa akazaa, treni ikiwa inakwenda.

Kwetu ng'ombe mwenye mimba hapelekwi kuchinjwa. Lakini hakuna aliyejua, na walipofika Pugu mama mtu alikuwa ameshapata mnunuzi. Ndama naye angefuata. Babu akamwendea tajiri wake.

"Mzee, ujira wangu baki nao. Nipe huyu mdogo."

"Muhangi, wenzako wanarudi na redio, wewe unarudi na kwato? Atakufia njiani huyo."

"Akifa, afe mikononi mwangu, mzee."

Projestus akacheka, akakubali. Babu akamwacha ndama anyonye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, mpaka walipokuja kumchukua mama yake. Vijana wenzake wakamwita twende tukaione bahari. Angemwachia nani ndama?

Gadi mmoja wa treni ya mizigo akamruhusu apande behewa tupu, akisema kila siku anapeleka ng'ombe Dar, hajawahi kurudisha. Kila stesheni Babu aliruka chini kuomba maziwa kwa akina mama, akachovya vidole, ndama akavinyonya. Kuna kituo walikopata na kituo walikokosa. Kufika Mwanza ndama hakuweza kuinua kichwa. Kwenye meli Babu alimfunika kwa shati lake, na lori la kahawa likawapandisha mpaka kwetu Karagwe, yeye akiwa amempakata kama mtoto.

Nyumbani mama yake Babu, bibi Kyarimpa, alikuwa na ng'ombe aliyefiwa na ndama wake. Lakini ng'ombe hampokei mtoto wa mwingine hivi hivi, na bila maziwa yake yule ndama asingefika asubuhi. Majirani walishajaa uani, wamekuja kusikia habari za Dar. Bibi Kyarimpa hakuwasalimia. Akampaka ndama chumvi mgongoni, akamsogeza. Ng'ombe akanusa, akapiga teke. Akageuza kichwa, akanusa tena. Halafu ulimi ukatoka, akaanza kulamba ile chumvi, polepole, kuanzia mgongoni mpaka shingoni, na ndama akayumba kuelekea kwenye kiwele.

"Haya, Muhangi, bahari ikoje?" jirani mmoja akauliza.

"Subiri anyonye," Babu akasema.

Wakasimama pale, wakubwa kwa wadogo, mpaka ndama akashika chuchu na mkia wake ukaanza kucheza.