Wiki ya Popo na Buibui Katika Chumba cha Shosho Millicent

Ni Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana, na popo kumi na mmoja wananing'inia kichwa chini kwenye kamba ya nguo, ndani ya chumba kimoja cha ghorofa ya chini mtaani Kware, Nairobi. Miili yao ni yale mabomba yanayobaki karatasi ya shashi ikiisha. Mabawa ni vipande vya kitambaa cheusi. Chini yao, watoto kumi na mmoja wamelala chali kwenye godoro, vichwa vikining'inia ukingoni, wanacheka mpaka wanakohoa.

"Popo hulala vipi?" anauliza Millicent Nabiswa, ambaye watoto humwita Shosho, yaani bibi, amepiga magoti katikati yao.

"Kichwa chini!"

"Na kazini anaenda lini? Asubuhi?"

"Usikuuu!"

"Kama baba yangu," anasema mtoto mmoja ambaye baba yake ni bawabu.

Millicent anaitikia kwa uzito wote. "Kama baba yako kabisa. Ndiyo maana mchana hatumpigii kelele."

Mwisho wa godoro, karibu na ukuta, yupo msichana wa miaka minne anayeitwa Yurub. Naye amening'iniza kichwa, naye anatabasamu. Kila kitu ambacho wenzake wanafanya, anafanya. Ila hajajibu hata swali moja, na watoto wengine wamezoea kumjibia.

"Miezi saba yuko hapa," anasema Millicent kwa sauti ya chini. "Uji anakula, anacheza, ananishika rinda nikienda kufungua mlango. Sauti yake sijawahi kuisikia."

Millicent ana umri wa miaka 54. Kwa miaka kumi na minne alishona kola za mashati katika kiwanda cha nguo, hadi wafanyakazi walipopunguzwa na jina lake likawa kwenye orodha. Wanawake waliobaki kazini ndio waliomjia nyumbani. Walikuwa wanatoka alfajiri na hawakuwa na mtu wa kuwaachia watoto.

Alianza na wawili. Sasa ana kumi na mmoja, na hutoza shilingi mia moja kwa siku, uji ukiwemo. Vifaa vya kufundishia hanunui. Wanyoike, muuza mayai wa hapo nje, humwekea trei zilizochakaa na huzipangusa kabla ya kumpa. Mama mmoja wa orofa ya nne huangusha magazeti ya zamani mlangoni akishuka kwenda kazini, bila hata kubisha.

"Hajawahi kuniambia ni yeye," anasema Millicent. "Nilimjua kwa viatu."

Njia yake ya kufundisha hakuisomea popote. Yeye huhesabu vibaya, tena kwa makusudi.

"Mtoto ukimwambia hesabu, anakuangalia tu. Lakini mtu mzima akikosea mbele yake, hawezi kuvumilia. Lazima akurekebishe."

Jumatatu ya wiki hiyo, kwa mfano, walitengeneza buibui. Walikata vikombe vya trei za mayai, wakavipaka weusi wa makaa yaliyosagwa na kukorogwa na uji mwepesi, kisha wakachomeka mirija iwe miguu. Millicent akainua wa kwake na kutangaza kwamba buibui ana miguu sita. Chumba kizima kikamzomea.

"Nane, Shosho! Nane!"

"Nyinyi mnanidanganya. Mimi nimezaliwa kabla ya buibui."

Yurub hakuzomea. Lakini aliinua vidole vinne vya mkono mmoja na vinne vya mkono wa pili, akavishikilia hewani mpaka Millicent alipoviona na kumshukuru.

Popo na buibui hao walianzia kwenye simu ya mama yake Yurub.

Mamake Yurub, Nurto, huuza mapazia na mashuka katika soko la Muthurwa. Baba, Kadar, ni dereva wa lori na huwa nyumbani siku chache kwa mwezi. Asubuhi Yurub huenda bebi klasi, darasa la wadogo kabisa, katika shule moja ndogo ya karibu, na mchana huletwa kwa Millicent hadi jioni.

Wiki mbili kabla ya shule kufungwa, ulikuja ujumbe kwa wazazi wote. Mwalimu wa darasa, kijana mchangamfu aitwaye Eve, alikuwa ameona mtandaoni jinsi watoto wa ng'ambo wanavyosherehekea Halloween mwishoni mwa Oktoba kwa maboga na mapambo ya popo, buibui na mizimu. Aliomba kila mtoto atengeneze mapambo hayo nyumbani, kisha Ijumaa ya mwisho alete boga lililochongwa macho na mdomo, asimame mbele ya wazazi, na aeleze alivyolitengeneza.

Kwa wengine ilikuwa siku ya kupiga picha. Kwa Nurto ilikuwa kitu kingine. Shule ilikuwa imekwisha kumwita na kumwambia kwa upole kwamba haiwezi kumpandisha Yurub hadi PP1, darasa linalofuata la chekechea, mwezi Januari bila kumsikia akisema hata sentensi moja. Darasani hakuwa amesema lolote mwaka mzima. Asiposema Ijumaa hiyo, angerudia bebi klasi na kuwaona wenzake wote wakiondoka.

"Nyumbani anaongea kama redio," anasema Nurto. "Wallahi. Akivuka mlango, anazima. Mwalimu haniamini, na mimi simlaumu."

Alimpelekea Millicent simu huku ana wasiwasi wa pili.

"Mama Wafula," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "mimi malenge sina shida nayo. Lakini haya mambo ya mizimu na mashetani, hapana. Kwetu hatutaki."

"Na mimi pasta akinikuta nachonga mzimu, si ataniombea mpaka Krismasi?" Millicent akamjibu. "Tutachukua wanyama na malenge. Mizimu tuwaachie wenyewe."

Wakacheka, wakakubaliana hapo hapo mlangoni. Kesho yake Nurto alileta mfuko wa mabaki ya kitambaa cheusi cha pazia, yamekwisha kukatwa vipande vidogo. Alikuwa amekaa na makasi wakati wa kusubiri wateja ili Millicent asihangaike.

Jumatano akaleta boga lenyewe kutoka Muthurwa. Lilikuwa la kijani, limekomaa, zito kama mtungi mdogo wa gesi. Watoto walilizunguka na kulibisha kama mlango. Walipangana kwenye foleni ili kila mmoja alikumbatie.

Kisha Millicent akachukua kisu, na kisu kikagoma.

Boga bichi lililokomaa halina huruma. Alijaribu kwa kisu cha mkate, kisha kwa kile cha nyama. Kiliteleza, nusura kimpate kidole, na watoto kumi na mmoja walikuwa wamemsogelea hadi anahisi pumzi zao mikononi. Akaogopa. Ndipo akafanya jambo ambalo mama yeyote aliyelelewa Kimilili angefanya akiwa na malenge gumu jikoni: akaliweka kwenye sufuria kubwa, akatia maji, akafunika.

"Nilisema nililainishe kidogo tu, ngozi ikubali kisu," anasimulia, na hapo anafunika uso kwa leso. "Halafu mtoto mmoja akataka choo, mwingine akamwaga uji. Mimi nikarudi kwa hilo malenge kama saa nzima imepita."

Alipojaribu kulitoa, liligawanyika mikononi mwake. Nusu ikabaki kwenye kifuniko, nusu ikarudi sufuriani kwa kishindo na kumrushia maji usoni. Chumba kikanuka utamu. Millicent akasimama na kipande cha ganda mkononi, akifikiria Ijumaa.

Hapo ndipo aliposikia kicheko asichokijua.

Kilikuwa chembamba, kinakwaruza kidogo. Kilitoka kwa Yurub. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, anamwangalia Shosho na ganda lake, na anacheka machozi yakimtoka.

"Nilitaka kupiga kelele kwa furaha," anasema Millicent. "Lakini nikajizuia. Nikamwambia tu, 'Yurub, unaona mambo yangu?' Nikaendelea kupakua."

Walikula boga lote kwa chai ya maziwa. Mbegu walizichambua, wakazisuuza, wakazipanga kumi kumi juu ya gazeti. Millicent alikuwa anaosha vikombe, amewapa mgongo, aliposikia mnong'ono chini ya meza. Yurub alikuwa ameketi huko na buibui wake wa trei ya mayai, anamwelezea jambo refu.

Millicent hakugeuka. Aliosha kikombe kimoja mpaka akakosa cha kuosha, akakiosha tena.

"Ningegeuka, ningemfukuzia maneno," anasema. "Nikamwacha amalize na rafiki yake."

Alhamisi ilibidi watafute boga lingine, na pesa ya kununua la pili Nurto hangeweza kuombwa. Millicent aliamua kulitengeneza. Alichukua mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia. Mwanawe Wafula, fundi wa umeme, alipitia hapo wakati wa chakula cha mchana, akatoboa macho na mdomo kwa msumari wa moto, na akaparuza kingo zote zisimkate mtoto. Watoto wakakoroga manjano ya pilau na maji mekundu ya kiazi sukari kidogo kidogo, wakibishana, mpaka ikapatikana rangi ya machungwa. Yurub alipaka mkebe wote peke yake, na nusu ya mkono wake wa kulia.

Ijumaa saa tatu asubuhi, ua wa shule ulikuwa umejaa. Millicent alikuwa amemwomba jirani amkalie na watoto, na jirani akaja na kazi yake ya kufuma bila kuuliza atarudi saa ngapi. Millicent aliketi na Nurto safu ya nyuma. Kwenye meza ya mbele kulikuwa na maboga ya kila aina, hata moja la plastiki lenye betri lililokuwa linacheka lenyewe.

Mtoto mmoja mmoja aliitwa. Wengine walikariri, wengine walilia, mmoja aliimba wimbo usiohusika na akapigiwa makofi.

Yurub alipoitwa, alitembea mwenyewe mpaka mbele. Mkono mmoja mkebe, mkono mwingine buibui. Akasimama, akaangalia viatu vyake.

Mwalimu Eve alipiga magoti mpaka macho yao yakalingana. Hakumharakisha. Aliangalia mkebe, akaangalia meza ya maboga.

"Yurub, malenge yako iko wapi?"

Mzazi mmoja akakohoa. Nurto alikuwa ameshika mkono wa Millicent kwa nguvu hivi kwamba pete iliacha alama. Mwalimu alingoja, magoti yake kwenye saruji, kama mtu asiye na kazi nyingine siku hiyo.

"Tulikula," akasema Yurub.

Vichwa vya wazazi vikainuka.

"Mlikula? Na nani?"

"Na Shosho. Aliichemsha."

Vicheko vikaanza pembeni. Mwalimu akauma midomo. "Kwa nini aliichemsha?"

"Alikuwa anaikata, ikamkatalia," akaeleza Yurub, na sasa sauti ilikuwa imepanda, ile ile ya kukwaruza. "Halafu ikapasuka pwaa! Maji yakamruka hapa na hapa. Tukakula na chai. Na huyu ana miguu nane." Akainua buibui juu ili walio nyuma pia waone.

Watu walisimama. Nurto alilia wazi wazi, bila kujificha na mtandio. Babu mmoja asiyewajua alimpa leso yake na kumwambia akae nayo.

"Makosa yangu yote yalitangazwa mbele ya watu wazima," anasema Millicent akicheka, "na mimi ndiye niliyepiga makofi kuliko wote."

Siku hiyo hiyo Mwalimu Eve alitia saini fomu ya Yurub ya kuingia PP1. Kisha akamfuata Millicent langoni na kumwomba aje Jumamosi moja awaonyeshe walimu ile njia ya kuhesabu vibaya. Millicent alidhani ni mzaha, mpaka alipoulizwa ni Jumamosi gani itamfaa.

Kuna jambo ambalo Millicent amelitaka kwa muda mrefu. Chumba cha pili, mlango wa karibu, kitakuwa wazi mwezi Januari, na mwenye nyumba amekubali kumngojea kodi mpaka wiki ya pili. Angetenga kimoja cha kulala na kimoja cha kazi za mikono. Angependa pia kusoma kozi ya malezi ya watoto wadogo, hata ya jioni, apate cheti cha kutundika ukutani.

"Nina miaka hamsini na minne. Nitakuwa mwanafunzi mzee," anasema. "Lakini nitajibu maswali, hilo naahidi."

Shule zimefungwa, na sasa Yurub huletwa asubuhi badala ya mchana. Jumatatu ya kwanza ya likizo, Nurto alikuwa bado anamvua viatu mlangoni alipomponyoka na kuingia na kiatu kimoja.

"Shosho, leo tunatengeneza nini?"

Millicent anakiri hakuwa amepanga kitu. Alikuwa amezoea mtoto huyo kungoja.

"Sijui bado," alimwambia, akivuta kiti kidogo karibu na chake. "Kaa hapa uniambie wewe."

Na Yurub akamwambia, mpaka uji ukapoa.