Dobi aliyedhani joto la pasi ndilo linalomtoa damu

Mkaa umeshika. Dobi analowesha ncha ya kidole, anaigusisha kwenye pasi yake ya chuma, nayo inalia "chwi", imekolea moto. Anatandaza shati jeupe mezani, anachukua chupa ya plastiki na kulipulizia maji.

Chupa hiyo anaitazama kwa jicho la mke mwenza. "Kazi inayofanya hii, miaka yote nimeifanya kwa mdomo," anasema.

Wateja wanamwita Pasi, na mtaani wapo watoto wasiojua kama ana jina jingine. Ufundi alipewa na kaka yake mkubwa katika kibanda hiki hiki cha mabati: unajaza maji mdomoni, unabana midomo, unapuliza.

"Kaka alikuwa akiniambia, 'Mdogo wangu, toa ukungu. Ukitoa mvua, umeikojolea nguo ya watu!'" Anacheka, kisha kicheko kinakatika. Kaka yake sasa ni marehemu.

Mwaka jana ukungu wa Pasi ulianza kutoka na rangi. Mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alirudisha shati lake likiwa na vidoadoa vyekundu mgongoni. Akauliza, kwa upole unaouma kuliko matusi, kama siku hizi anatia na rangi.

Pasi alijua damu inatoka kwenye fizi. Sababu akajitungia mwenyewe: joto la pasi linachemsha damu. Kaka yake naye alikuwa akitema damu vivyo hivyo, na wote wawili walikuwa wakitania kwamba hiyo ndiyo kodi ya ufundi. Basi, ili fizi zipumzike, akaacha kupiga mswaki, akawa anasukutua maji ya chumvi tu. Damu ikazidi, na jino moja la mbele likaanza kucheza.

Mkewe ndiye aliyemfikisha kwa daktari wa meno. "Nilimwambia, baba watoto, damu haitoki bure hata kwa kuku," anasema mama huyo huku akikunja mashuka.

Daktari, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, alimwonyesha kwa kioo kidogo ukoga ulioganda kama jiwe kwenye mashina ya meno.

"Mzee wangu, mswaki ulikuwa unakuonyesha ugonjwa tu," alimwambia. "Huu ukoga ndio unaouchokoza ufizi mpaka unavimba. Ulipouacha mswaki, ukaupa ukoga nafasi."

Kisha akamuuliza mambo asiyoyatarajia. Unasikia kiu sana? Pasi akajibu, dobi gani asiye na kiu mbele ya mkaa? Unaamka usiku kwenda haja ndogo? Maji yakiingia si lazima yatoke? Na kidonda, kinachelewa kupona?

"Hapo utani ukaniisha," anasema Pasi. "Kwangu hapana. Nilimkumbuka kaka."

Kaka yake alikuwa akinywa maji hayamtoshi. Siku moja kaa la moto lilimwangukia mguuni, kidonda kikakataa kupona, mguu ukaoza, akafa. Ndugu walisema ni mkono wa mtu. Ile damu ya fizi hakuna aliyeitaja.

Kipimo cha kidole kilionyesha sukari ya Pasi iko juu sana. Daktari alimweleza kwamba damu ya fizi ina vyanzo vingi. Kwa wengi ni ukoga, kwa wengine ni ujauzito, dawa fulani au uhaba wa matunda na mboga. Sukari nayo ikipanda, ufizi hushindwa kupigana na vijidudu.

"Kaka tulimzika na jibu likiwa mdomoni mwake," anasema Pasi. Analia, wala hajifichi.

Sasa anameza dawa na kusugua meno asubuhi na usiku kwa mswaki laini. Ukoga umekwanguliwa. Jino limetulia kidogo, ingawa daktari hakumwahidi kwamba litabaki.

Kinachomnyima raha ni dada yao, kitinda mimba, aliyebaki naye peke yake katika tumbo la mama yao. Jana alimpigia simu kumuuliza kama fizi zake zinatoa damu.

"Akacheka. Akaniambia, 'Kaka nawe! Hiyo si kawaida yetu nyumba nzima?'"

Kesho Pasi hafungui kibanda. Anakwenda kumchukua dada yake ampeleke akapimwe, na akigoma, amesema atambeba mgongoni.

"Hiyo kawaida yetu imeshaninyang'anya kaka," anasema. "Dada siipi."