Baba Anataka Nivae Joho la Chuo Kilichonishinda

Admin, pole na kazi. Naomba unifiche jina na kijiji, maana huku kwetu simu ya mmoja husomwa na ukoo mzima. Mimi ni binti wa miaka 24, natokea Bariadi, mtoto wa kwanza kwetu na wa kwanza kijijini kwenda chuo kikuu. Wanaotaka kunitukana watukane, nimeshazoea, ila mkimaliza mnisaidie mawazo.

Baba yangu ni manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kikundi cha ngoma. Wasukuma wenzangu mnajua mambo yetu. Makampuni yakishanunua pamba, vikundi viwili vinakutana uwanjani, kila kimoja kinaimba kumponda mwenzake, na kinachovuta watu wengi ndicho kimeshinda. Mwaka niliokwenda chuo, baba alitunga wimbo wa kunisifu. Aliimba kwamba binti yake anasoma hesabu kwa Kizungu wakati watoto wa wapinzani wanahesabu ng'ombe kwa vidole na bado wanakosea. Watu walicheka mpaka basi, uwanja mzima ukahamia kwake. Mdomo uliponza kichwa, lakini siku ile hata mimi nilivimba kichwa.

Chuo kikanishinda. Sekondari nilikuwa nakariri na napasua, nikadhani na kule ni hivyo hivyo. Darasani sikuuliza swali hata moja, niliogopa watakicheka Kiingereza changu chenye Kisukuma ndani. Wenzangu wakikaa makundi kujadili, mimi najifungia chumbani, kwa sababu ningejadili ingejulikana kwamba sielewi. Nikapata sapu, yaani mitihani ya marudio, sapu zenyewe nikafeli, nikadisko, chuo kikanifukuza. Nilishuka stendi ya Bariadi nimejitanda khanga mpaka machoni kama mfiwa.

Wapinzani wa baba hawakulaza damu. Walitunga kwamba ndama wa manju alipelekwa malisho ya mbali, amerudi mbavu zinahesabika. Wimbo ukarekodiwa, ukapigwa mnadani, ukapigwa kwenye bodaboda, ukapigwa hadi kwenye harusi ya binamu yangu nikiwa nimekaa palepale. Watoto wadogo waliuimba nikienda kuchota maji. Baba alisimama uwanjani kuwajibu, sauti ikakwama, na watu wakahama wakimwacha hivi hivi anaona. Vijana wake wengi wakakimbilia upande wa pili. Tangu hapo amekonda, anashinda kwenye kigoda anaangalia zizi, mama akimsemesha anaguna tu. Kuna kipindi nilitamani nife ili watu waache kumcheka wamhurumie. Naandika hapa machozi yananitoka.

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, anakaa Nyalikungu, Maswa. Shangazi ndiye alinipeleka kwake. Alinirudisha mpaka topiki za kidato cha tatu, nikajisikia vibaya sana, mtu wa chuo kikuu mzima. Nikikosea hakunisahihisha. Aliniambia nimweleze nilivyofikiri mpaka nikafika kwenye lile jibu, na mara nyingi hata kabla sijamaliza kueleza nilikuwa nimeshaliona kosa mwenyewe. Kumbe sikuwa mjinga, nilikuwa sijui kujifunza. Nimekaa naye karibu mwaka mzima. Nikaomba chuo upya, na nimechaguliwa kuanza mwaka wa kwanza, chuo chenyewe kiko hapa hapa mkoani.

Nilikimbia kumwambia baba nikiwa na furaha. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na joho na kofia ya mahafali. Kumbe alishaagiza Mwanza akaazimiwa. Mpango wake ni kwamba kwenye ngoma ya mwaka huu niingie uwanjani nimevaa lile joho, yeye aimbe kuwa nimehitimu na wapinzani ni waongo. Baada ya hapo niende kwa baba mdogo Dar es Salaam, huku itangazwe nimepata kazi. Nikamuuliza, baba, nusu ya darasa ni watoto wa huku huku, nitavaaje joho leo halafu mwezi ujao nionekane mwaka wa kwanza? Akasema ndiyo maana hicho chuo sitakwenda.

Nikajikaza nikamkumbusha neno ambalo yeye mwenyewe huwaambia vijana wake, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mayu, wewe ulishindwa kwenye karatasi," akasema. "Mimi nilishindwa mbele ya watu. Karatasi haicheki."

Mama ananiambia nimvalie, baba ni mmoja, vyuo ni vingi. Mwalimu anasema nikilivaa, safari hii nitakuwa nimejidisko mwenyewe. Mimi nampenda baba yangu, na pia nina hasira naye, na hasira yenyewe inanitia aibu.

Ngoma ni Jumamosi hii inayokuja. Kosa langu ni kwamba nilinyamaza, na baba amechukua kunyamaza kwangu kuwa ni kukubali. Vijana wake kadhaa wamesharudi. Jana aliniita uani anionyeshe nitakapotokea na nitakaposimama, akaimba wimbo mpya mwanzo mpaka mwisho, sauti ileile ya zamani. Alipomaliza akakaa, akala ugali wote, akamwambia mama aongeze. Mama alikwenda jikoni kupakua huku analia kwa furaha, na mimi nimesimama pale na lile joho mkononi.

Ndugu zangu, chuo nakitaka. Nakitaka kuliko kitu chochote. Ila mngekuwa mimi, mngeanzaje kumwambia hapana mtu ambaye ndiyo kwanza jana ameanza kula?