Mume Anayejifunza Kulia

Wanangu, hamjambo. Mimi ni bibi wa miaka sabini na moja, mzaliwa wa Tanga, naishi Birmingham, mtaa wa Newtown. Shule sikuigusa, haya nayasema kwa sauti na admin wa ukurasa huu ananiandikia. Admin, nifiche jina, lakini ukali wangu usiufiche.

Kwetu nilikuwa somo, nafunda wari, mabinti wanaongoja kuolewa. Huku nikaja kulea wajukuu, nikaosha wazee majumbani mwao, nikapika misibani. Wanawake wakazoea kuja kulia jikoni kwangu, mwisho na waume zao wakaanza kugonga. Sasa ndoa ikipasuka naitwa mimi: naketi nao, nawanyamazisha, nawafundisha kuachana bila kuwachana watoto.

Miezi miwili iliyopita binti mmoja niliyemfunda mwenyewe aliachwa, talaka moja. Akaja kwangu kukaa eda na mwanawe wa kike wa miaka sita. Mumewe haishi kuja. Analeta samaki, anaosha vyombo, halafu anakaa chini na kulia mpaka kanzu inalowa. "Bibi, neno la kumrejea nimeshalisema. Imebaki umlete." Wazee wa pande zote wananipongeza, na mimi mwenyewe nilishalainika.

Kapanga nyumba nyingine, Sutton Coldfield, ndani ndani huko, eti apate utulivu na mkewe. "Ila simu aiache kwako, Bibi. Simu ndizo zilizotuharibia."

Jumapili mtoto karudi kutoka kwa baba yake. Namsuka, nikamwambia baba anawapenda, anawalilia. Kiswahili anakisikia ila hujibu kwa Kiingereza, na kile kidogo ninachokijua kilinitosha: baba hujifunza kulia mbele ya kioo. Akimaliza, hucheka.

Niliacha kusuka katikati.

Nilimwambia mama yake papo hapo. Akatabasamu: "Somo, mtoto huyo! Wewe ndiye ulinifunda nisimwaibishe mume. Ukisema nirudi, narudi. Ukisema nibaki, nabaki." Wazee nao wamenijia juu: "Utavunja ndoa ya watu kwa maneno ya mtoto?"

Wanangu, mimi niliyezoea kuulizwa, leo nauliza. Mumewe atakuja kumchukua Jumamosi baada ya alasiri. Binti keshafunga begi, liko mlangoni. Simu kaiweka juu ya mto wangu, kaizima mwenyewe.

Mnaosoma, semeni nami: akigonga, nifungue?